Marehemu mume wangu alikuwa akikusanya vitabu vyenye jina la mwanamke mwengine, sasa nivifanye nini?

BARUA

Shangazi, assalaam alaykum. Naomba jina langu lisitoke, niite tu mjane wa Unguja. Nna miaka 43, watoto wawili, binti ana 17 na mdogo wake wa kiume ana 12. Mume wangu alifariki mwaka jana mwezi wa Rajab, alisali Alfajiri akarudi kujilaza hakuamka tena, moyo walisema. Eda nimekaa miezi yangu minne na siku kumi nikatoka, watu wakanambia pole pole utazoea, na kweli nilikuwa naanza kuzoea mpaka siku niliyofungua lile sanduku.

Nianze mbali kidogo ili unielewe. Marehemu alikuwa karani bandarini lakini roho yake ilikuwa kwenye vitabu vikuukuu, vile ambavyo mtu mwengine angefungia karanga. Mapenzi hayo alikuwa nayo toka ujana, alipokuwa na miaka ishirini alifanya kazi kwenye duka moja la vitu vya kale huku Mji Mkongwe, hapo ndo alipojifunza kutambua karatasi na kushona majalada. Usiku watoto wakishalala anakaa ukumbini na taa yake, anapika uji mwepesi wa unga wa ngano ndo gundi yake hiyo, anabandika kurasa zilizochanika. Mie nakaa pembeni nashona kofia zangu za biashara. Akifika pahala pagumu ananambia "nishikie hapa", basi naweka kofia chini naushikilia ukurasa kwa kidole mpaka ukauke, saa nyengine robo saa nzima hatusemi kitu. Tumeishi hivyo miaka ishirini Shangazi, tulioana 2004.

Sasa hilo sanduku ni la njumu, alirithi kwa bibi yake, ufunguo anao mwenyewe. Nilijua mna vitabu vyake vya thamani, sikuuliza. Nilipolifungua nikakuta vitabu kumi na nne, kila kimoja kimezongwa kitambaa cha marikani, na kafuri na karafuu humo ndani, yaani harufu yake yeye mwenyewe ilinitokea nikakaa chini. Nikaanza kukunjua kimoja kimoja. Kila kitabu ukifungua jalada, kwenye kona pamechorwa kiua cha asumini kwa wino wa zambarau na chini yake jina la mwanamke kwa herufi za Kiarabu. Vyote kumi na vinne jina moja. Na jina hilo si langu.

Chini kabisa mlikuwa na daftari la kaunta. Ndani ameandika orodha ya vitabu kumi na saba, vyengine vya Kiarabu, kimoja binti yangu anasema kimechapwa hapa hapa Unguja zamani za Sultani Sayyid Barghash, vyengine vya kizungu, mfano hadithi za Kiswahili alizokusanya Askofu Steere zilizochapwa London 1870. Mbele ya kila kitabu pana safu mbili. Safu ya kwanza bei ndogo ndogo, shilingi mia tano, elfu moja, elfu mbili, na tarehe zote ni za 1992, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tisa. Mie nadhani huo ndo mwaka waliojuana. Safu ya pili bei kubwa, elfu arubaini, laki moja na ushei, laki tatu, na tarehe zinaanzia 1999 mpaka mwaka kabla hajafariki. Kumi na nne vimetiwa alama ya vema, vitatu bado. Na matatu kati ya majina ya vitabu alivyovipata ameyapigia mstari kwa wino mwekundu. Binti yangu, ambae babake alimfundisha kusoma herufi za Kiarabu tangu mdogo, kavitazama hivyo vitatu akanambia mama hivi vimeandikwa wakfu, wakfu kwa wanafunzi wa darsa.

Nikashindwa kuvumilia nikamuuliza wifi yangu mkubwa. Kwanza alikataa, halafu akanambia basi, yule alikuwa mjukuu wa sheikh mmoja Mkunazini, babu yake alikuwa akisomesha darsa nyumbani na mumeo alikuwa anakwenda pale kila baada ya Isha. Walipendana lakini hawakuwahi hata kuposana. Babu akafa, mwisho wa 1992 yeye na mamake wakahamia Muscat, na kaka yangu alikonda mpaka tukaogopa. Hayo ndo maneno yake. Miaka ishirini ya ndoa mie sijawahi kulisikia jina hilo mdomoni mwake hata mara moja.

Jengine. Simu ya marehemu naichaji mpaka leo, sijui kwanini. Wiki tatu zilizopita imeingia meseji ya WhatsApp kutoka kwa muuza vitabu wa Mombasa, "Bwana, nimekipata kile cha Kijerumani cha 1886, kiua kipo ndani kama ulivyosema. Arbuni yako ninayo, zimebaki elfu arubaini za Kenya. Nikuwekee?" Na picha ya ukurasa wa kwanza na kile kiua. Ni kitabu cha Bibi Salme. Sijamjibu.

Shemegi yangu nae kasikia, kaja na habari kuwa ana mnunuzi wa nje atavichukua vyote kumi na vinne kwa dola 3,000, anasema tugawane, na ada ya skuli ya binti itapatikana. Binti yangu hataki kusikia. Anasema tukinunue cha Mombasa, tutafute viwili vilivyobaki, tumalize kazi ya baba. Yeye anaiona kama hadithi ya kutafuta hazina, mie naiona kama kidonda.

La mwisho. Ndani ya daftari mlikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, mwandiko wake marehemu, Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu ambazo mie siwezi kuzisoma zaidi ya kusoma Kur-ani kwa mazoea. Binti akaniuliza nikusomee mama? Nikamwambia hapana, nikaitia kwenye pochi, natembea nayo. Naogopa kuwa ni barua ya yule mwanamke.

Shangazi, nivichome? Niuze? Nimtafute huyo mwanamke nimpelekee vitu vyake niachane navyo? Na zaidi ya yote, mie nilikuwa nani kwake? Vile vidole vyangu nilivyokuwa nashikilia kurasa, kumbe nilikuwa nashikilia kurasa za mwenzangu?

Mjane, Unguja

MAJIBU YA SHANGAZI

Mwanangu, waalaykumu ssalaam. Mungu amrehemu mumeo na akupe subira. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nilishikwa na hilo la vidole nikashindwa kuendelea, mara ya pili nikakasirika pamoja na wewe, mara ya tatu ndo nikaanza kuona kuwa umeniandikia mambo mengi kuliko unavyodhani. Naomba tukae tuyapitie.

Unavyolieleza jambo ni hivi: mumeo alimpenda mwanamke mwengine kabla yako, yule bibi akaondoka, na mumeo akatumia maisha yake yote kukusanya vitabu vya yule bibi kama mtu anaeokota shanga zilizokatika. Na kwa kuwa alificha, basi wewe ulikuwa wa kupitishia muda tu. Maumivu yako yote yamesimama juu ya hapo. Na ni maumivu mabaya kwa sababu aliye hai ungemkalia kitako ukamuuliza, ukanuna, akakuomba radhi, lakini aliyekufa humpati, unabaki na daftari. Wivu kwa maiti hauna pa kutokea, na unajiona mbaya kuwa nao juu ya msiba. Si mbaya. Ni msiba wa pili umekuja kabla wa kwanza haujaisha, na nakuomba usijilazimishe kuumaliza kwa haraka.

Lakini tulitazame hilo daftari tena. Umesema safu ya kwanza ni ya 1992 na ukadhani ndo mwaka waliojuana. Mwanangu, mtu akijuana na mpenzi wake haandiki bei. Zile ni bei za vitabu, ndogo, ndani ya miezi sita au saba, na mwisho wa mwaka huohuo binti na mamake wameondoka. Na wewe mwenyewe umenambia mwanzoni kabisa, kama kitu cha kupita, kwamba akiwa na miaka ishirini alifanya kazi kwenye duka la vitu vya kale. Na wifi yako anasema kila baada ya Isha alikuwa ndani ya nyumba ile. Mie siijui nyumba hiyo, siwezi kuapa, ila nikiziweka hizo safu mbili pamoja, moja naiona kama ya vitabu kutoka na nyengine ya vitabu kurudi.

Vilitokaje? Hapo sasa ndo pana giza na sitaki tumhukumu mtu alieko kaburini. Inaweza kuwa babu alipofariki mama mtu hakuwa na nauli akavitoa yeye mwenyewe kidogo kidogo, na kijana alievijua vitabu na alieaminiwa ndani ya nyumba akawa ndo anavipeleka dukani. Wakati ule wageni walikuwa wameshaanza kumiminika, milango ya Mji Mkongwe inang'olewa na kuuzwa, masanduku, saa, sahani za kichina, kila nyumba iliyofungwa ilitoa kitu. Inaweza pia kuwa aliviuza bila ya ruhusa, kijana mwenye njaa, akaona vinaliwa na mchwa tu. Au hapana hata kimoja katika hayo, aliandika bei za watu wengine. Mie sijui. Ila vile vitatu alivyovipigia mstari mwekundu vinanifanya niwaze.

Maana wakfu unajua wewe ulivyo. Mtu akishaandika kwenye kitabu kwamba ni wakfu kwa ajili ya Mungu, kwa wanafunzi wa darsa, kimeshatoka mikononi mwake na mwa warithi wake, hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Masheikh wetu wa zamani waliandika hivyo kwenye vitabu vingi kwa sababu kitabu kilikuwa ghali na mwanafunzi masikini, wengine wanatia na maneno ya kuonya kabisa, anaekiuza dhambi iko juu yake. Mtu alieuza kitabu cha namna hiyo ujanani, kwa kujua au kwa kutojua, akaja akakua, akaoa, akawa anasali Alfajiri kama mumeo, anaweza kukosa usingizi kwa miaka. Kukiandama mpaka Mombasa na kulipa mara mia kile alichopokea, hiyo inaweza kuwa mapenzi. Na inaweza kuwa deni. Na mwanangu, inaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, kwamba ile aibu ndo iliyomfanya asiweze hata kulitaja jina lake mbele yako. Kimya chake umekisoma kama siri ya mapenzi. Mie nakuuliza tu, hakiwezi kuwa kimya cha mtu anaeona haya?

Na kile kiua. Vitabu vya wakfu haviwezi kuwa mali ya msichana, kwa hiyo jina lake mle halimaanishi kuwa vilikuwa vyake. Tumekua na watoto kwenye nyumba zetu, mtoto akipata wino anaandika jina lake kila pahala, ukutani, kwenye msahafu wa babu, kwenye mlango wa choo. Huenda alipokuwa na miaka minane tisa alivichora vitabu vyote vya babu yake akapigwa. Na huenda kwa mumeo kiua kile kilikuwa ni namna pekee ya kumwambia muuza vitabu wa mbali "ukiona hiki, ni cha nyumba ile". Soma tena meseji ya Mombasa, "kiua kipo ndani kama ulivyosema". Anaongea kama mtu anaetambua ng'ombe kwa chapa.

Haya yote ni dhana zangu, nazo zina hatari yake, zisije zikakupoza leo halafu kesho ukagundua sivyo ukaumia upya. Wifi yako hakusema uongo kuwa walipendana na alikonda. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, akapenda, akaachwa. Hilo lilikuwepo kabla yako, halikuchukuliwa kwenye fungu lako.

Hicho cha Mombasa nacho ngoja nikisemee, kwa sababu ni kitabu nikipendacho na nimekihuzunikia tangu nikiwa msichana. Bibi Salme, mtoto wa Sayyid Said aliyekuwa sultani wa Unguja, alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, akampenda Mjerumani jirani yake, akaondoka Unguja 1866, wakaoana Aden, wakaenda Hamburg, na 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu akamwachia watoto watatu wadogo kwenye nchi ya baridi asikokuwa na mtu. Mjane, kama wewe. Kitabu kikachapwa 1886. Sasa cha ajabu ni hiki, ukurasa baada ya ukurasa anasimulia Mtoni, mabirika ya kuogea, vyakula, nguo, sikukuu, ndugu zake waliogombana, ila yale mapenzi yaliyomtoa kwao anayapitia upesi upesi, kurasa chache tu. Mtu asiyejua angesema huyu bibi hakumpenda mumewe, alipenda nyumba ya babake. Inasimuliwa kuwa alipofariki 1924 palikutwa katika vitu vyake kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, na ukitazama hicho kifuko peke yake utasema pia, moyo wake haukuwa Ujerumani. Lakini alibaki na jina la mumewe mpaka kaburini, huko huko Hamburg.

Nakwambia hivi kwa sababu wewe unampima mumeo kwa alichokiandika. Ameandika vitabu kumi na saba, hakukuandika wewe. Lakini mtu huandika kile anachoogopa kukisahau au kile anachodaiwa. Nani anaeandika kwenye daftari kwamba leo mke wangu ameweka kofia chini akanishikia ukurasa? Umeniuliza vile vidole vilikuwa vinashikilia nini. Mie nilipoisoma nilijiuliza kinyume chake, mtu mwenye siri ya mwanamke mwengine, angemwita mkewe karibu na taa kila usiku amshikilie ile siri mpaka ikauke? Wengine wangeweza, siwezi kukataa, wanaadamu tuna mengi. Wewe ndo uliekuwa pale. Zile robo saa mlizokaa kimya zilikuwa na nini ndani yake, wewe unajua, na ulivyoniandikia hukuandika kama mtu alieachwa peke yake.

Tuje kwenye mali maana hapo pana watu wanataka kukuharakisha. Shemegi yako anasema "tugawane". Umenieleza una mtoto wa kiume. Kwa sheria yetu ya mirathi, mtoto wa kiume akiwepo, ndugu wa marehemu hapati. Wewe una thumuni yako, yaani moja ya nane, wazee wake mumeo kama wamo hai kila mmoja ana sudusi, moja ya sita, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Huyo wa miaka 12 sehemu yake ni amana, huwezi kuiachia wala shemegi hawezi kuiuza kwa maneno ya barazani. Simwiti mwizi, pengine kweli ana uchungu na ada ya mtoto wa kaka yake, lakini mwambie kwa adabu kuwa mirathi ipite kwa Kadhi kwanza. Na vile vitatu vya wakfu havimo kwenye hesabu kabisa, hivyo vina mlango wake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au sheikh unaemuamini akuongoze kwenye darsa ambayo vitatumika.

Hivi kumi na moja vyengine kuuza si dhambi na wala si kumsaliti. Ada ni kitu cha kweli, kofia zako zinajulikana zinavyolipa. Ila dola 3,000 kwa vyote kwa mkupuo, kutoka kwa mtu ambae hajaviona, ni bei ya nani aliyeipima? Vitabu vilivyochapwa hapa kwenye mtambo wa Sayyid Barghash ni vichache, yeye alitawala 1870 mpaka 1888 na ule mtambo ulichapa vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, vya madhehebu ya Kiibadhi vilivyokwenda mpaka Oman na Algeria. Ningekuwa mie, kabla ya kukubali au kukataa ningevipeleka hata viwili vitatu pale Nyaraka, Kilimani, wanakohifadhi maandishi ya zamani, wavitazame, uulize na taratibu za kitu kama hicho kutoka nje ya nchi. Kikishatoka hukipati tena, na hilo la kutokipata tena kwenye nyumba yako lina uzito wake. Wakati unafikiri usivianike juani, usivibandike gundi ya dukani, masika ikija vitazame. Kafuri na marikani vilivyomo vinatosha.

Kuvichoma sitakwambia kitu, nadhani uliandika kwa uchungu.

Kumtafuta yule bibi, hapa ndo ninapokwenda taratibu sana. Upande mmoja kama vilitoka kwao bila ya ridhaa, basi pana haki ya watu na mumeo pengine alitaka kuirudisha akiwa hai hakuwahi. Upande mwengine yeye sasa ni mtu mzima wa hamsini na kitu, ana nyumba yake huko, mume pengine, wajukuu pengine, au hayupo duniani. Meseji kutoka kwa mjane wa kijana aliyempenda miaka thelathini iliyopita inaweza kuwa rehema na inaweza kuwa fitina kwenye nyumba ya mtu. Na wewe je, uko tayari kumsikia? Akisema "alinipenda sana", utalala? Akisema "simkumbuki", nalo pia litakuuma kwa niaba yake, wallahi. Kama utaamua, usianze na namba ya simu uliyoipata mtandaoni, pita kwa wakubwa, wifi yako, alieanza kwa kukataa halafu akasema, nadhani anajua zaidi ya alivyosema, na yeye ndo wa kupeleka salamu kwa njia ya heshima. Na unaweza pia kuamua kuwa hilo si lako kulimaliza, angalau mwaka huu.

Sasa binti yako. Wewe umeona anacheza kutafuta hazina. Mwanangu, ana miaka 17 na babake amekufa ghafla, na amemwachia orodha yenye vitu vitatu ambavyo bado. Ungekuwa wewe ungeiachia? Kila kitabu kitakachopatikana ni siku moja zaidi na babake. Usimkasirikie kwa hilo, na yeye nae usimwache alibebe peke yake wala asilazimishe fedha ya nyumba iende Mombasa kabla hamjajua mnanunua nini, elfu arubaini za Kenya ni fedha ya mayatima. Jengine nakuuliza kwa upole, una hakika hajaisoma ile karatasi? Aliliona daftari kabla hujaitia kwenye pochi? Mtoto anaesema "nikusomee mama?" saa nyengine ameshasoma na anatafuta ruhusa ya kukwambia.

Kama hajaisoma, fikiri nani akusomee. Yeye ana haki ya kuwa wa kwanza kwa kuwa babake alimfundisha herufi zile, na ana haki pia ya kulindwa asije akasoma maneno ya babake kwa mwanamke mwengine kwa sauti mbele ya mamake. Unaweza kumpa mtu mzima mwenye kifua, bibi anaesomesha chuoni kwenu, asiyekuwa wa ukoo, umwambie asome peke yake kwanza halafu akwambie tu kama ni ya kusikia. Unaweza ukaanza kujifunza herufi hizo wewe mwenyewe. Kur-ani unaisoma, macho yako yanazijua tayari, ni kuzizoea tu zikisema Kiswahili. Itachukua miezi, na hiyo miezi pengine ndo unayoihitaji. Au ukae nayo kwenye pochi. Karatasi haina haraka, imeshakaa mle miaka mingapi hatujui.

Ila kuna mmoja anaesubiri. Yule wa Mombasa wiki tatu sasa ameweka kitabu pembeni na hajui kama mtu wake amefariki. Na hebu muwaze, huyo ndie mtu ambae mumeo alimweleza kiua kikoje na ndani ya ukurasa upi. Pengine ndie pekee aliyewahi kuulizwa "bwana, unavitakia nini vitabu hivi?" na akajibiwa. Huna haja ya kumuuliza lolote leo, wala kumwambia weka au uza. Ile simu unayoichaji na hujui kwanini, ichukue siku ukiwa na nguvu, mwandikie kuwa mwenye namba hii amefariki, mie ni mkewe, nilikuwa nikimshikia kurasa. Halafu usubiri uone atakujibu nini.

Niandikie tena, nami nitakuwa nakusubiri.

Shangazi